Ushauri: Ndama niliyemwachisha ziwa wiki ya sita amedumaa. Na hawa mapacha wa mbuzi niwaachishe lini?

MfugajiWaMvumi

Wakuu, habari za jioni.

Nafugia upande wa Mvumi, wilaya ya Chamwino. Nina ng'ombe watatu chotara na mbuzi kumi na nne, wengi wa kienyeji, wachache wana damu ya mbegu iitwayo Malya.

Mwezi Machi nilipata ndama jike wawili, wamepishana wiki mbili. Yule wa kwanza nilimwachisha ziwa akiwa na wiki sita. Nilikuwa na deni na maziwa ndiyo yaliyokuwa yanalipa, sitaki kuficha. Wa pili nimemwacha anyonye chuchu mbili asubuhi na jioni, nyingine nakamua.

Leo mkubwa ana wiki kumi na mbili. Tumbo limening'inia, mbavu zinahesabika, manyoya yamesimama na kupauka. Nikimpapasa mgongoni nagusa pingili moja moja. Jana niliwapima kifuani kwa utepe: mkubwa sentimita 82, mdogo wake sentimita 91. Roho iliniuma.

Anakula majani tena mengi, ndiyo maana sielewi. Je, nimemharibu moja kwa moja? Na nina mapacha wa mbuzi wa wiki tano, walizaliwa na kilo 2.1 na 1.9. Sitaki kurudia kosa. Niwaachishe lini?

BabuWaBahi

Pole mwanangu. Sisi huku tuna ng'ombe wa kienyeji na majike mawili ya aina ya Mpwapwa. Ndama hatumwachishi, mama ndiye anayemkataa, mara nyingi miezi saba au nane. Na wa kienyeji ukimwondolea ndama hateremshi maziwa, utakamua chuchu kavu. Ndama ananyonya kwanza kidogo, maziwa yanashuka, unamtoa, unakamua, kisha unamrudishia amalizie. Usiku analala zizi lake. Ndivyo nilivyofundishwa na baba.

MstaafuWaMifugo

Babu amesema kweli kwa ng'ombe wake. Kwa chotara anayekubali kukamuliwa bila ndama, habari ni nyingine.

Ndugu wa Mvumi, usihesabu wiki, angalia tumbo limefikia wapi. Ndama akinyonya, maziwa hayaingii tumbo la kwanza. Kuna mfereji unaojikunja na kuyapeleka moja kwa moja tumbo la nne, hivyo wiki za mwanzo tumbo la kwanza ni kama mfuko mtupu. Kwa ng'ombe mkubwa hilo ndilo karibu asilimia 80 ya matumbo yote. Hapo katikati lazima lijengwe, na linajengwa kwa chakula kikavu cha nafaka na mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta. Vijidudu vya tumboni vinapochachusha nafaka hutoa asidi, na asidi hizo ndizo zinazootesha vijinyama kama vidole vidogo kwenye ukuta wa tumbo. Vijinyama hivyo ndivyo vinavyofyonza lishe.

Majani makavu yanalitanua tumbo, lakini hayaoteshi vijinyama vya kutosha. Ndiyo maana ndama wako anakula sana na bado anakonda. Tumbo ni kubwa ila kazi haliwezi.

Kipimo ninachotumia mimi: ndama anapokula kilo moja ya chakula cha kusaga kwa siku, siku tatu mfululizo, yuko tayari. Wengine wanafika hapo wiki ya nane, wengine ya kumi na mbili. Akianza kuonjeshwa tangu wiki ya kwanza anawahi. Na maji yawepo muda wote tangu siku za mwanzo. Wafugaji wengi wanadhani maziwa yanatosha, kumbe nafaka haichachuki bila maji.

MfugajiWaMvumi

Asante sana mzee wangu. Maji nilikuwa nampa mara moja tu, jioni. Chakula cha kusaga hakukuwa kabisa, ni mabua ya mtama na nyasi. Sasa huyu mkubwa nianzie wapi?

MstaafuWaMifugo

Anza na minyoo. Mpime uzito kwa utepe na umpe dawa kwa kipimo chake, usikadirie kwa macho. Halafu mchanganyiko: mahindi yaliyoparazwa kilo 40, pumba kilo 20, mashudu ya alizeti kilo 37, madini ya mifugo kilo 2, chumvi kilo 1. Mashudu ya hapa Dodoma mengi yana maganda, yachekeche kwanza, ndama hawezi maganda. Usimpe chakula chenye urea, umri huo ni sumu kwake. Anza na konzi moja asubuhi na jioni, ongeza kidogo kidogo hadi kilo. Mabua waachie wakubwa, yeye mtafutie hei laini, yaani nyasi zilizokaushwa.

Hujamharibu. Miezi mitatu bado ni mapema, ana nafasi kubwa ya kurudisha mwili. Ukimwacha hivyo hadi Novemba, hapo ndipo itakuwa ngumu, atachelewa hata kupata joto, yaani kutaka dume.

MamaHombolo

Mpe na maziwa kwa ndoo kidogo, lita moja asubuhi na moja jioni, japo mwezi mmoja. Najua yanauma mfukoni. Wangu aligoma ndoo siku mbili. Nilinawa mikono, nikachovya vidole viwili kwenye maziwa ya uvuguvugu, akanyonya vidole, nikashusha mkono taratibu mpaka mdomo ukagusa maziwa. Mara ya nne akashika mwenyewe. Ndoo iinuliwe kidogo kutoka chini, asiinamishe sana kichwa wala asikiinue juu. Na ioshwe kila mara, kuhara kwingi kunatoka kwenye ndoo chafu.

Siku ya kumwachisha usimkatie ghafla. Mimi napunguza kwa wiki mbili, mwanzo naondoa ya jioni, kisha naondoa ya asubuhi. Wiki hiyo hiyo simkati pembe wala simhamishi zizi. Shida moja kwa wakati mmoja.

KijanaWaMsalato

Nakubali, ila watu wasitoke hapa wakidhani kunyonyesha miezi sita ndiyo salama. Nimeachisha chotara watatu wiki ya nane na hakuna aliyedumaa, kwa sababu chakula kilikuwepo tangu siku ya tano. Tena ng'ombe anayenyonyesha mfululizo anachelewa kurudi joto. Ukikokotoa maziwa ya ndama pamoja na miezi ambayo mama hana mimba, hasara ni kubwa.

DadaWaKongwa

Mbuzi hajajibiwa, ngoja nimjibu. Mtie kitoto kwenye kiroba, ning'iniza kwenye mizani kila Jumamosi. Akifika mara mbili na nusu hadi tatu ya uzito wa kuzaliwa, akawa anacheua na anakula vizuri, anaweza kuachishwa. Wako ni kama kilo 5 hadi 6. Wengi wanafika hapo miezi miwili hivi.

Lakini tazama kalenda. Wamezaliwa Mei, miezi miwili ni Julai, na huku kwetu Julai hakuna jani bichi. Maziwa ya mama ndiyo kinga yao. Waache hadi miezi mitatu, hata minne, huku ukiwapa majani ya migunga, maganda yake na pumba kidogo. Dume lolote litenge likifika miezi mitatu, wanaanza kupanda mapema, hata mama zao.

Mwakani beberu aingie Julai. Mimba ni miezi mitano, utazalisha Desemba mvua zikianza. Mama ana maziwa, na Machi unawaachisha nyasi zikiwa mbichi. Nilipobadili hivyo, vifo vya vitoto zizini kwangu vilipungua sana. Ila mama umuongezee pumba miezi miwili ya mwisho ya mimba, maana ni kiangazi.

MfugajiWaMvumi

Mrejesho, wiki ya nne leo. Ndama mkubwa: sentimita 90 kifuani. Alikubali ndoo siku ya tatu kwa njia ya Mama Hombolo. Anakula gramu 800, tumbo limeanza kupanda, na manyoya mapya yanatokea shingoni, mafupi na yanang'aa. Mdogo wake bado anamzidi, yuko 98.

Mapacha wana kilo 5.4 na 4.3. Yule mdogo ameharisha tangu juzi, kinyesi kina damu kidogo. Bado ananyonya. Nimsubirie?

MstaafuWaMifugo

Usisubiri hata kesho. Damu kwenye kinyesi kwa umri huo naihofia koksidia, ugonjwa wa vimelea vya utumbo, na dawa ya minyoo haiitibu. Chukua kinyesi kibichi kwenye mfuko safi, ukipeleke pamoja na kitoto kwa daktari wa mifugo leo. Mtenge mbali na mwenzake, fagia banda, weka matandiko makavu, na chombo cha chakula kining'inizwe wasikanyage. Kunyonya aendelee, na maji apate.

MfugajiWaMvumi

Nimeshafunga pikipiki mzee, natoka naye sasa hivi.