Naomba ushauri: kikundi cha kujitolea kuzima moto kijijini

Wakuu, habari zenu. Huku kwetu Mufindi karibu kila kaya ina miti ya mbao, paina au mikaratusi. Kuanzia Julai mpaka mvua za Novemba hatulali vizuri: mtu anachoma mabaki ya shamba, upepo unageuka, moto unapanda mlima. Namba 114 tunaipiga, ila gari la zimamoto hata likifika haliwezi kupita katikati ya miti kwenye mteremko.

Kwa hiyo vijana tunajitolea. Tuna mapanga, majembe, matawi mabichi ya kupigia moto, na mabomba ya mgongoni yale ya kupulizia dawa kwenye nyanya. Lita 16 zinaisha upesi mno, halafu mtoni ni kushuka na kupanda. Wengi wanavaa kandambili, msinicheke.

Kinachotuumiza zaidi ni wenye mashamba makubwa wanaoishi mjini. Hawafyeki njia za kuzuia moto mipakani, simu hawapokei, ila moto ukizuka ndio wa kwanza kuuliza kikundi kiko wapi! Nawaza tupeleke mkutano mkuu wa kijiji sheria ndogo: kila mwenye miti afyeke mpaka wake kabla ya kiangazi, na achangie kwa ekari. Fedha hizo zinunue buti na kumtibu atakayeungua.

Je, kuna kijiji kilichofanya hivi halmashauri ya wilaya ikaidhinisha? Mchango mlipangaje, na aliyegoma mlimfanya nini? Mwenye nakala ya sheria yao naomba aniwekee hapa.