Tupeane uzoefu: santuri za hard bop na soul jazz zilizotolewa upya, ipi ilikufungua masikio na ipi ilikula hela yako?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Humu najua wamejaa watu wa rumba, wa taarab na wa dansi la zamani, ila tupo na sisi wachache tunaokesha na mpiga ngoma wa jazi Art Blakey. Uzi huu ni wetu. Naongelea jazi ya Marekani ya kati ya 1955 na 1967 hivi, hard bop (jazi iliyochanganyika na blues na nyimbo za kanisani) pamoja na ndugu yake soul jazz (yenye mdundo rahisi zaidi wa kuchezeka): Horace Silver, Lee Morgan, Hank Mobley, Jimmy Smith, Stanley Turrentine, Cannonball Adderley. Santuri hizo zinatolewa upya mfululizo, na karibu kila moja ina kibandiko kinachodai imefanyiwa rimasta, yaani sauti imetengenezwa upya kutoka kwenye rekodi ya zamani. Nyingine kweli imefanyiwa kazi. Nyingine wamepandisha kelele tu wakaongeza bei.

Sharti ni moja: taja toleo na chombo unachosikilizia. "Ni kali sana mkuu" haimsaidii mtu anayetaka kutoa hela.

Naanza. Nilikuwa na CD ya *Moanin'* ya Blakey, ile ya mfululizo wa RVG wa mwaka 1999. RVG ni Rudy Van Gelder, mpimaji macho wa New Jersey aliyekuwa akirekodi wanamuziki sebuleni kwa wazazi wake pale Hackensack. *Moanin'* ilirekodiwa humo tarehe 30 Oktoba 1958. Miaka arobaini baadaye Blue Note, kampuni iliyotoa santuri hiyo, wakampa tepu zake mwenyewe azifanyie rimasta ya kidijitali. Ungetegemea hakuna wa kumzidi, maana yeye ndiye aliyekuwepo. Lakini mimi ile CD inanichosha. Wapulizaji wamesogezwa mbele mpaka puani, na besi ya Jymie Merritt, zamu yake ikifika baada ya piano ya Bobby Timmons, ni kama mtu anayeongea huku amefunikwa mto.

Baadaye nikapata santuri ya mfululizo wa Classic Vinyl wa Blue Note, aliyoichonga fundi Kevin Gray kutoka kwenye tepu ya asili (kuchonga ni kutia mifereji ya sauti kwenye bamba la kuchapia). Pleya yangu ni ya kawaida, amplifaya ya mtumba, spika za rafu. Merritt yupo. Unasikia kidole kinavuta waya halafu ndiyo noti inakuja. Kwa hiyo kibandiko siku hizi sikisomi kabisa. Natafuta kujua tepu ilikuwa ipi na fundi ni nani.

Fundi Spika

Mleta mada umesema kweli ila umemwonea mzee Van Gelder. Mnasahau alikuwa anachonga santuri kwa ajili ya pleya za wakati ule. Besi ikizidi, sindano ya pleya ya bei rahisi inaruka, mteja anairudisha santuri dukani. Kwa hiyo besi ilipunguzwa makusudi wakati wa kuchonga, wala si kwamba haikurekodiwa. Kwenye tepu ipo. Ndiyo maana toleo jipya linaweza kuwa na besi ambayo hata toleo la kwanza kabisa, lile wanalouziana kwa bei ya pikipiki, halina.

Uzoefu wangu ni wa redioni. Nilifanya kazi ya ufundi mitambo kituo fulani, tukawa tunapiga jazi Jumapili usiku. CD za miaka ya themanini zilikuwa na sauti ya chini, zile za rimasta za baadaye zina sauti ya juu sana. Ukizipiga zikifuatana, msikilizaji anasema hii mpya ndiyo nzuri. Sawazisha kiwango cha sauti kwanza, ndipo ulinganishe. Mara nyingi nikifanya hivyo, ile ya zamani ndiyo iliyokuwa na pumzi: upatu unapigwa, unalia, unafifia wenyewe. Ile mpya upatu umebanwa, haufifii, unakatika.

Mwana Nakuru

Mimi nilifika kwa jazi kwa sababu ya jina tu. Nilikuwa napitia orodha ya Lee Morgan nikaona wimbo unaitwa "Mr. Kenyatta". Nikasema ngoja. Uko kwenye *Search for the New Land*, umerekodiwa tarehe 15 Februari 1964, yaani miezi miwili tu baada ya sisi kupata uhuru. Wayne Shorter yuko, Herbie Hancock yuko, Grant Green kwa gitaa, Reggie Workman kwa besi na Billy Higgins kwa ngoma. Halafu Blue Note wakaikalia mpaka 1966.

Nasikiliza kwa simu na headphone za waya, wacha niseme ukweli, hela ya santuri mpya sina. Lakini hata mtandaoni kuna tofauti. Album moja unaikuta mara mbili tatu, kila moja na rimasta yake. Jaribu zote. Kuna ile ambayo gitaa la Grant Green linapotelea nyuma ya piano, na kuna ile unawasikia wawili wakipishana bila kukanyagana.

Dada Sindano

@Mwana Nakuru huo wimbo ni mtamu. Mimi nataka kuongelea mono (sauti zote njia moja) na stereo (njia mbili, kushoto na kulia), maana humo ndimo niliko.

Kwenye santuri nyingi za stereo za mwishoni mwa miaka ya hamsini, mpulizaji mmoja amewekwa kushoto kabisa, mwingine kulia kabisa. Mume wangu na mimi tulikuwa tunagawana headphone kwenye daladala, yeye sikio moja, mimi jingine. Siku moja nikamwambia huyu wa saksafoni leo ameamka vizuri. Akaniuliza saksafoni gani, yeye muda wote alikuwa na tarumbeta! Tulikuwa tunasikiliza bendi mbili tofauti.

Tangu hapo nikipata toleo la mono nalichukua. Sauti zote zinatoka mahali pamoja zikiwa na uzito. Najua wataalamu watasema kuanzia mwishoni mwa 1958 mono ya Blue Note ilitengenezwa kwa kuunganisha tepu ileile ya njia mbili. Sawa. Masikio yangu hayajali.

Kinanda cha Kwaya

Napiga kinanda kanisani Dodoma. Kilichonileta huku ni Jimmy Smith, *Back at the Chicken Shack*, ya Aprili 1960. Nilikuwa na nakala niliyorushiwa na rafiki, sijui ilipitia mikono mingapi, nikawa naamini kuna mpiga besi. Hakuna! Ni Smith na kinanda cha umeme cha Hammond, Stanley Turrentine kwa saksafoni, Kenny Burrell kwa gitaa, Donald Bailey kwa ngoma. Besi yote anaipiga Smith kwa mkono wa kushoto, na miguu inagusa pedali kuongeza mshindo.

Nilipopata toleo lililofanyiwa rimasta vizuri nikasikia vitu viwili. Kwanza ile "tk" ndogo kila kitufe kinapoguswa. Pili ile Leslie, spika ya kinanda inayozungusha sauti, inavyozunguka: anaianza taratibu, halafu wimbo ukipanda anaiachia. Kwenye nakala yangu ya kwanza hivyo viwili vilikuwa uji tu. Nikaanza kufanyia mazoezi mkono wa kushoto peke yake, kwaya wakadhani nimeumia wa kulia. Mchungaji naye aliuliza mbona ibada siku hizi ina mwendo.

Ushauri kwa wa soul jazz: msihukumu rimasta ya kinanda kwa spika ya simu. Nusu ya muziki iko chini kule ambako simu haifiki.

Msafiri wa Hamburg

Niko Ujerumani, huku santuri zimejaa kuliko maduka ya mikate. Tahadhari kwa wanaoagizia ndugu Ulaya. Rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 ulinzi wake wa hakimiliki hapa umekwisha. Sheria ilikuwa miaka hamsini, ilipoongezwa kuwa sabini haikurudi nyuma kuzifufua zile ambazo muda wake ulikuwa umeshapita. Kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuchapa *Moanin'* au *Blue Train* kihalali bila kuiona tepu ya asili. Anachukua CD, anachapa santuri nzito ya gramu 180, anaweka jalada la kung'aa. Uzito hausemi chochote kuhusu chanzo.

Nilinunua moja ya hivyo kwa bei ya kutupa, nikailinganisha na CD niliyokuwa nayo. Zilikuwa sawa mpaka kwenye kikohozi. Siku hizi nainamisha santuri kwenye mwanga nisome maandishi yaliyochongwa karibu na lebo. Zile za Kevin Gray zina alama yake, KPG@CA. Za kale za Van Gelder zina RVG, na za Blue Note zilizochapwa kabla ya 1966 zina alama ndogo ambayo wakusanyaji wanaiita sikio, kumbe ni herufi P ya kiwanda cha Plastylite.

Ukitaka uhakika, mfululizo wa Tone Poet wa Blue Note, ulioanza 2019 chini ya mtayarishaji Joe Harley, unatoka kwenye tepu hadi santuri bila kupita dijitali. *Minor Move* ya mpiga saksafoni Tina Brooks imo. Jamaa aliirekodi 1958, ikaja kutolewa mara ya kwanza 1980 huko Japani, mwenyewe akiwa ameshafariki. Nikiisikiliza nakasirika kidogo.

Bahari Hindi

Nyie mnaongelea KPG, sisi Mombasa tunapambana na joto na ukungu. Niliagiza *Song for My Father* ya Horace Silver, mzigo ukakaa ofisi fulani wiki nzima karibu na dirisha. Ilipofika ilikuwa imepinda, sindano inapanda na kushuka kama iko baharini. Upande wa kwanza haupigiki. Jalada lilikuwa salama, yule mzee mwenye kofia na sigara, baba yake Silver, mtu wa Cape Verde. Nimelitundika ukutani, muziki nasikilizia CD.

Fungueni plastiki ya nje mara moja, santuri zisimame wima, na msiziweke juu ya amplifaya.

Mleta mada

@Bahari Hindi pole sana kaka. Na mimi nina ombi kwa wote. Kuna santuri moja inayotuhusu zaidi ya hizi zote: *Uhuru Afrika* ya mpiga piano Randy Weston, ya Novemba 1960. Mipango ya muziki ni ya Melba Liston, shairi ni la Langston Hughes, na mwanzoni kabisa Mtanganyika Tuntemeke Sanga anaighani tafsiri yake kwa Kiswahili juu ya ngoma. Mwaka 1960, New York, mwaka mmoja kabla ya uhuru wetu! Makaburu waliipiga marufuku Afrika Kusini. Mimi ninayo ya kidijitali tu, na sauti ya Sanga imezama nyuma ya ngoma. Aliyewahi kuisikia kwenye santuri ya zamani ya Roulette, kampuni iliyoitoa, atuambie, maneno yanasikika yote?

Dada Sindano

Ninamjua mzee mmoja Upanga anayo. Jumamosi napita kwake, nitaleta majibu humu. Ila hakopeshi.