Vitabu vya lugha za wahamiaji haviazimwi, tatizo liko wapi?

mkutubi_tawini: Wakuu, maktaba yetu ya umma ina vitabu vya Kiamhari, Kiarabu na Kisomali, tumevigawa sawasawa matawi yote. Wasomaji wa lugha hizo wapo mtaani, ila vitabu havitoki. Uongozi unataka viondolewe. Tuanzie wapi?

fundi_katalogi: Anza na katalogi, yaani orodha ya vitabu kwenye kompyuta. Kama kichwa cha kitabu cha Kiamhari kimeingizwa kwa herufi za Kilatini tu, msomaji akitafuta kwa hati yake (herufi za lugha yake) hapati kitu. Akijaribu Kilatini, tahajia yake hailingani na yenu. Kwenye MARC 21, muundo wa kimataifa wa kuingiza taarifa za vitabu kwenye katalogi, hati asilia inakaa uga 880, ukiunganishwa na uga wa kichwa, 245, kwa sehemu ndogo $6. Msimbo wa lugha (amh, ara, som) uwe kwenye uga 008, nafasi 35–37, na kitabu cha lugha mbili kiongezewe uga 041. Kisha hakikisheni mfumo unatafuta ndani ya 880. Mara nyingi data ipo, ila mfumo haujaelekezwa kuisoma. Kisomali kina hati rasmi ya Kilatini tangu 1972, kwa hiyo huko tafuteni sababu nyingine.

rafu_kwa_rafu: Huko kugawa sawasawa ndiko kunakoviua. Vitabu kumi kwa tawi, msomaji anavimaliza haraka na harudi tena. Vikusanyeni tawi lililo karibu na wasomaji, matawi mengine yapelekewe fungu la 100 hivi, libadilishwe kila miezi mitatu au minne. Msitegemee sensa ya kila miaka 10, mtaa hubadilika kabla. Ulizeni shule za msingi watoto wanaongea lugha gani nyumbani. Wachaguzi wa vitabu wawe angalau watatu wa rika tofauti, maana mmoja atajaza rafu anachopenda yeye.

Bi_Usajili: Tazameni pia fomu ya uanachama, kama inadai uthibitisho wa anwani. Anayepanga chumba bila mkataba hana bili yenye jina lake, basi anaishia mlangoni. Pokeeni barua ya shule au ya mwajiri, ama mpeni kadi ya muda ya vitabu viwili. Uongozi uonyesheni Ilani ya Maktaba ya Tamaduni Nyingi, iliyopitishwa na IFLA (shirikisho la kimataifa la maktaba) 2006 na kuungwa mkono na UNESCO 2009: huduma ni kwa wote, bila ubaguzi wa utamaduni wala lugha.

mkutubi_tawini: Ahsanteni sana. Na vile vinavyosomwa humuhumu ndani tunavihesabuje?

rafu_kwa_rafu: Wekeni tangazo kwa lugha zote tatu: "Kitabu kiache mezani." Kabla ya kukirudisha rafuni, soma msimbopau (barcode) wake na ukiingize kama matumizi ya ndani. Fanyeni hivyo miezi 12 ndipo mwamue kuondoa.