Tupeane uzoefu: supu ya mboga kwa mgonjwa wa sukari, kwenu mnaipikaje?

Mwana wa Makorora
Wakuu salaam. Leo sokoni Mgandini nimemkuta bibi mmoja anabonyeza nyanya chungu moja moja, anamwambia muuzaji "za mgonjwa wangu hizi, usinipe zilizoiva." Nikamkumbuka marehemu baba. Alikuwa na sukari na presha, na supu yake ya mboga ilikuwa ugomvi wa nyumba nzima: mama ana lake, shangazi ana lake, mzee mwenyewe anataka kongoro.

Mapishi ya mama: kitunguu maji, saumu na tangawizi vinakaangwa kwa mafuta kijiko kimoja, nyanya, maji, kisha nyanya chungu, bamia, kabichi na karoti kidogo. Mchicha unaingia ukishaepua sufuria. Chumvi ya kubana, ndimu ya kutosha. Nyie je?

Kijiti Kavu
Naweka kambi hapa. Mzee wangu ndiyo kwanza kaanzishiwa dawa, kila mgeni anakuja na lake.

Mama Shuu
Bamia ndiyo kila kitu. Inafanya supu iwe nzito bila unga wa ngano wala viazi.

Chuma cha Moshi
Sasa viazi vimekosa nini? Sisi tunachemsha viazi mviringo na karoti, tunapiga blenda, bibi anakunywa bakuli mbili. Ni mboga hizo, zimetoka shambani.

Mama Shuu
Hata muwa umetoka shambani baba. Kiazi ni wanga kama ugali, na ukikisaga kinapandisha sukari haraka zaidi. Bibi akishakunywa mpime baada ya saa mbili, halafu urudi hapa.

Chuma cha Moshi
Hivi karoti nayo mmeifungia? Maana kila siku mnapiga marufuku kitu kipya.

Pwani Raha
Karoti haina kesi, ni mboga. Ila kwetu supu ya mwenye sukari ni karela, ile mboga chungu. Unaikata vipande vyembamba, unaisugua chumvi, unaikamua uchungu, unaiosha. Jirani yetu alipoizoea aliacha na vidonge.

Nesi Mstaafu
Na jirani yuko wapi sasa hivi?

Pwani Raha
Yupo. Amerudia vidonge lakini.

Nesi Mstaafu
Ahsante. Wengine endeleeni.

Fundi Cherehani
Mmenitonesha kidonda. Hadithi yangu ndefu, mnivumilie.

Mama yangu anachoma insulini asubuhi na jioni. Siku zote anakula ugali kiasi cha ngumi yake, mboga nyingi, kipande cha samaki. Mambo yalikuwa yanakwenda. Akaja wifi yangu kutoka mjini, kasoma sijui wapi kwamba mgonjwa wa sukari hatakiwi kuonja wanga hata chembe. Jiko akalichukua yeye. Unga ukapandishwa juu ya kabati, mama akawa analala na supu ya kabichi na mchicha. Supu nzuri tu, siisemi vibaya, lakini ni maji na majani. Na sindano mama anachoma zilezile.

Usiku mmoja nasikia mama anaongea peke yake. Naingia, kanga imelowa chapachapa kama ametoka kuoga, mikono inatetemeka, ananiita jina la dada yake aliyefariki. Namshika, ananisukuma! Mama yangu ambaye hajawahi kunipandishia sauti. Wifi anatokea mlangoni: "Haya ni mapepo." Akaanza kukemea. Kaka naye akapiga goti. Chumba kizima kelele, mama kakodoa macho hajui hata yuko wapi. Mpwa wangu wa darasa la sita ndiye aliyeleta kile kimashine. "Shangazi, si tumpime kwanza?"

2.1. Sukari imeshuka mno.

Bahati alikuwa bado anameza. Nikakoroga sukari vijiko vinne vya chai kwenye maji, nikamnywesha kidogo kidogo. Tukasubiri robo saa, tukapima: 3.4. Nikarudia. Ilipopita 4 akaniangalia akasema, "Mbona mmejaa chumbani kwangu?" Nikampa mkate na maziwa. Nililia siku hiyo.

Asubuhi kliniki muuguzi akauliza alikula nini. Supu. Na sindano alipunguza? Hapana. Akavua miwani, akaiweka juu ya faili, hakusema kitu kwa muda.

Dogo wa Mbagala
Mapepo ya kabichi 😂😂 Samahani dada, nimeshindwa kujizuia.

Mama Shuu
Huyo mpwa asomeshwe udaktari, nachangia daftari.

Mlinzi wa Zamu
Wifi hana kosa, alikuwa na nia njema.

Fundi Cherehani
Njoo ukae naye wewe.

Nesi Mstaafu
Wa insulini, na wa vidonge kama glibenclamide, sukari inaweza kuwashuka wakichoma au kumeza dawa bila kula wanga. Vidonge vya metformin pekee ni nadra kufanya hivyo. Ukitaka kupunguza chakula, ongea kwanza na wanaompa dawa. Na akishapoteza fahamu usimtie kitu mdomoni, atapaliwa. Mkimbizeni hospitali.

Kijiti Kavu
Kwa hiyo supu nimpe au nisimpe? Mnanichanganya.

Mama Shuu
Mpe, ila pamoja na chakula chake. Au tia choroko ndani, upate wanga wa taratibu na protini humohumo.

Gari la Mkaa
Nyongeza. Baba yangu sukari ilishagusa figo. Huku mnausifia mchicha, sisi daktari kaupunguza, na nyanya pia, kwa sababu ya potasiamu, madini ambayo figo zikiumwa zinashindwa kuyatoa. Mboga zake tunazikata ndogo, tunachemsha kwenye maji mengi, tunamwaga yale maji. Kwa hiyo habari ya kunywa supu ya majani bila kipimo si ya kila mtu.

Chuma cha Moshi
Sasa mkimwaga maji hiyo ni supu au mboga za kuchemsha?

Gari la Mkaa
Mkuu, baba yangu anaumwa figo, wewe unabishania jina la chakula.

Dogo wa Mbagala
Mimi ladha natoa kwenye vile vipaketi vya viungo vya mchuzi, viwili sufuria moja. Hata mtoto analamba kijiko.

Mwana wa Makorora
Ndivyo presha ya mzee wetu ilivyotusumbua. Soma nyuma ya paketi, chumvi ndiyo iko mbele. Giligilani, pilipili manga na ndimu vinatosha.

Mlinzi wa Zamu
Dawa kamili ya sukari ni kukosa hela ya soda. Mimi ni shahidi.

Pwani Raha
Fundi Cherehani, wifi aliomba radhi lakini?

Fundi Cherehani
Nani? Sasa hivi anauza unga wa mlonge kwenye makundi ya simu. Juzi kamtumia mama tangazo.

Kijiti Kavu
Jamani turudi jikoni. Choroko zinaanza, au zinaingia pamoja na kabichi?

Mama Shuu
Zinaanza. Ukizitumbukiza pamoja, kabichi litarojeka choroko bado zinakugomea.