Cheti kinasema nyuzi 20, kipande kimetoka juani Mtwara: tukubali vipimo vya hivi?

Wadau wa Kusini naomba tulijadili hili. Mi msimamo wangu ni kwamba ripoti ya mashine ya CMM (ile ya kupimia vipande kwa usahihi mkubwa) isiyoandika joto la kipande chenyewe isipokelewe, na mashine ihakikiwe palepale inapofanyia kazi, tusiishie kuangalia cheti ilichokuja nacho.

Mi ni fundi mkereza vyuma hapa Mtwara mjini. Tulipewa kazi ya bushi, yaani pete nene ya kukaa ndani ya tundu, kwenye nyumba ya chuma (kipande kinachoishikilia) yenye tundu la mm 200, hiyo nyumba ilishinda nyuma ya pikapu juani, ikafika saa nane mchana huwezi kuishika mara mbili, ikaingizwa kwenye kontena la wapimaji lenye kiyoyozi nyuzi 20 safi kabisa, ikawekwa mezani na kupimwa hapohapo, namba zikatoka hadi maikroni (sehemu ya elfu ya milimita), mi nikakereza kwa namba hizo. Bushi ilitakiwa iingie kwa kusukuma na mkono, ikagoma. Usiku vyote vimepoa nikachukua mikromita ya ndani, tundu lilikuwa dogo kuliko ripoti kwa maikroni 40 na kitu.

Hesabu yake wala si ngumu. Chuma kinatanuka kama maikroni 11.5 kwa kila mita kwa kila nyuzi 1, kikiwa nyuzi 40 badala ya 20 basi kwenye mm 200 inakuja maikroni 46. Na cheti chao kilikuwa sahihi kabisa! Kiliandikwa kosa lisizidi maikroni 2 jumlisha L/300, L ni urefu unaopimwa kwa mm, kwa urefu wa mm 300 ni maikroni 3, ila hiyo ni ahadi ya mashine kwenye mazingira aliyoyataja mtengenezaji.

Kiwango cha ISO 10360-2, cha kuhakiki mashine hizi za CMM, kinataka urefu tano, kila mmoja upimwe mara tatu, kwenye mikao saba, yaani vipimo 105. Na wakati wa kuhakiki upya mtumiaji ndo anayetaja mazingira, sasa kwa nini sisi hatutaji?

Mwenzangu mmoja wa Shangani anasema nakuza mambo, programu ya mashine inafidia joto yenyewe, na masharti mengi yatatuondolea kazi sisi mafundi wadogo ziende Dar. La gharama namuelewa, kweli kipande kikilala chumbani usiku kucha kazi inachelewa na mteja anapiga simu. Ila fidia inataka ijue joto halisi la kipande na ni chuma gani, aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma, na kipande kinene kilichotoka juani, nje kimeanza kupoa, ndani bado kinachemka, kitambuzi cha joto kimebandikwa upande mmoja tu, kitafidia nini hapo?

Bushi ile nilirudia kwa chuma changu, mpimaji alishalipwa.

Mliowahi kusaini ripoti za vipimo Mtwara au Lindi, iwe bandarini, kwenye gesi au saruji, joto la kipande huwa linaandikwa?