Kuovakloki i5-4690K kwenye joto la Tabora, nianzie wapi bila kuunguza prosesa?

Kanyenye_Edits
Wakuu habari za mchana. Niko Tabora mjini, naedit video za harusi na sendofu. Mashine yangu ya mezani ni i5-4690K, mazabodi ya Z97, RAM GB 16, kadi ya GTX 1050 Ti, na feni ya prosesa ni ile ndogo ya duara inayokuja kwenye boksi la Intel. Kurenda (kutoa video iliyokamilika) harusi ya saa mbili inakula usiku mzima, na umeme ukikatika katikati unaanza upya. Nasikia hizi prosesa za K unaweza kuziovakloki, yaani kuzipandisha juu ya spidi ya kiwandani, ukazitoa 3.9 ukazipeleka 4.4 hadi 4.5 GHz. Kinachonitisha ni joto, nikirenda mchana programu ya kupima joto HWiNFO inasoma nyuzi 88 mpaka 91 na hapo sijagusa setingi yoyote, na huu mwezi wa kumi mnaujua mji wetu ulivyo, mvua bado, chumba kina bati juu hakina silingi. Naomba kujua joto lipi ni salama, volti niweke ngapi, na hii feni inatosha au ninunue nyingine? Wateja wa Desemba wameshanilipa advansi kwa hiyo siwezi kucheza na hii mashine.

ReliYaKati
Mkuu salama. Usiongeze hata kidogo ukiwa na hiyo feni. Hiyo prosesa kikomo chake ni 100, ikifika hapo inajipunguzia spidi yenyewe ili isiungue, sasa wewe uko 91 kabla ya kuanza, ukiongeza utapata joto na spidi itarudi chini vilevile. Feni kwanza, ovakloki baadaye.

Mwanga_Kigoma
Aliyetangulia kasema kweli, mimi niongezee upande wa volti maana hapo ndipo watu wengi wanapoungulia.

Joto la prosesa linapanda sambamba na spidi, lakini kwa volti linapanda kwa kipeo cha pili. Chukua mfano, tuseme sasa uko 3.9 kwa volti 1.10 halafu uende 4.4 kwa volti 1.25. Spidi imeongezeka kama asilimia 13 tu, ila umeme inaokula, ambao wote unaishia kuwa joto, umeongezeka kama asilimia 45. Ndiyo maana mtu anaona kaongeza kidogo tu halafu mashine inakuwa jiko. Kwa hiyo usianze kwa kuongeza volti. Ingia BIOS (setingi za mazabodi kabla Windows haijawaka), angalia ikiwa kwenye mzigo inatumia volti ngapi, ziweke fiksi hapohapo, usiziache kwenye Auto kwa sababu mazabodi nyingi ukipandisha spidi zenyewe zinajimwagia volti nyingi kuliko zinazohitajika. Halafu pandisha ile namba ya kuzidisha hatua moja moja, 40, 41, 42, kila moja unazidisha na 100 MHz ndiyo unapata 4.0, 4.1, 4.2. Ile spidi ya cache (kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa) iache kama ilivyotoka kiwandani, haikuongezei cha maana kwenye video na inaleta mashine kuganda ukabaki unahangaika na kori (vitengo vya kazi vya prosesa) bure.

Kila hatua pima. Endesha Cinebench, programu ya kuipa prosesa mzigo, dakika kumi, ikipita renda project yako yenyewe, hiyo ndiyo mtihani wa kweli. HWiNFO ina mstari wa WHEA (makosa ya vifaa ambayo Windows inayarekodi) kule chini kabisa, ukiona unahesabu makosa hata kama mashine haijazima jua hiyo spidi haijatulia, rudi hatua moja au ongeza volti kidogo sana, 0.01 hivi. Kwa feni ya kawaida nzuri mimi nisingevuka 1.25, na 1.30 ni mwisho kabisa kwa mashine ya kazi. Programu ya kupima uthabiti Prime95, matoleo mapya, nakushauri achana nayo kwa prosesa za kizazi hiki, inatumia AVX (amri za hesabu nzito) kwa nguvu isiyo ya kawaida, inaweza kukupandishia joto hata nyuzi 15 juu ya kazi yoyote utakayowahi kufanya.

Halafu kuna jambo la sisi wa huku, na hili naomba ulishike. Maelezo mengi unayosoma yameandikwa na watu ambao chumba chao kina nyuzi 20 hadi 22. Feni haiwezi kupoza chini ya hewa ya chumba, inachofanya ni kuondoa joto kwenda kwenye hiyo hewa, kwa hiyo chumba kikipanda nyuzi 10 na prosesa inapanda karibu nyuzi 10 hizohizo. Ukipima saa nne usiku ukaona 75 ukafurahi, kesho yake saa tisa alasiri chini ya bati utaikuta 88. Pima saa nane tisa mchana, mwezi huuhuu wa kumi, na milango ikiwa jinsi unavyoiacha siku zote. Ikikaa chini ya 85 kwenye renda hapo, miezi yote mingine uko salama, huna haja ya kugusa tena.

ReliYaKati
Nakubaliana na hilo la kupima mchana. Na feni, tafuta ya mnara yenye mabomba ya shaba, mfano Hyper 212. Ukiagiza Kariakoo huna haja ya kusisitiza ya soketi (sehemu prosesa inapokaa) 1150 peke yake, matundu ya 1155, 1151 na 1200 ni yaleyale. Ukiifungua ya zamani futa ile pesti ya kupitisha joto iliyokauka kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi katikati, basi. Hiyo prosesa ni ya 2014, kama pesti haijawahi kubadilishwa sehemu ya hizo 91 zinatoka hapo.

BintiUjiji
Kaka, mimi nafanya kazi kama yako, kabla hujatoa hela angalia kwanza unaexport na nini. Kwenye Premiere pale kwenye eksipoti kuna sehemu ya Performance, ikiwa imeandikwa Software Encoding basi kazi yote inafanywa na prosesa. Ukiweka Hardware Encoding, hiyo 1050 Ti ina chipu yake maalum ya kutengeneza video za H.264 na itaibeba hiyo kazi. Baadhi ya efekti bado zitamla prosesa, kwa hiyo sisemi ovakloki haina maana, ila muda utakaookoa hapo unaweza kuzidi wa kutoka 3.9 kwenda 4.3.

Na lingine, 4690K ina kori nne na nyuzi nne tu (hapa nyuzi si za joto, ni threads, kazi ambazo prosesa inafanya kwa wakati mmoja). i7-4790 iliyotumika inaingia kwenye mazabodi yako hiyohiyo, ina nyuzi nane, na programu za video zinazitumia zote. Kama hela ya feni na ya i7 zinakaribiana kwako, mimi ningenunua i7 na pesti mpya, nikaacha ovakloki kabisa. Prosesa isiyosukumwa inakusamehe siku chumba kikichemka.

Kanyenye_Edits
Dada Ujiji umenifungua macho, nimeangalia kweli ilikuwa Software. Nimebadilisha, klipu fupi imetoka haraka sana na joto limeishia 79. Feni ya mnara nitaagiza vilevile maana nataka nifike 4.2 na volti hizihizi bila kuongeza. Swali la mwisho, kuna jamaa kaniambia niache ubavu wa kesi wazi hewa iingie. Vumbi la hapa mnalijua.

Mwanga_Kigoma
Usiuache wazi mkuu. Dakika za kwanza utaona nyuzi zimeshuka, lakini kwa vumbi la kiangazi la Tabora mapezi ya feni yanaziba upesi na unarudi ulikotoka. Funga, weka feni moja mbele ya kuingiza na moja nyuma ya kutoa, hiyo ya mbele ifunike na chujio la neti unalotoa na kulipiga maji. Safisha ndani kwa brashi laini au blowa, na unapopuliza shika feni kwa kidole isizunguke. Nyanyua kesi kutoka sakafuni hata kwa kibao, na isogeze mbali na ukuta.

Na nunua UPS (betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika), kama huna. Prosesa haitaungua kwa umeme kukatika ila faili la harusi ya mtu linaweza kuharibika, kwa hiyo zile klipu za kamera usizifute kwenye diski ya pembeni mpaka mteja amepokea kazi.