Mjadala: Kwenye floboli tukabe eneo au tukabe mtu kwa mtu?

Wadau, kwa wasioijua, floboli ni hoki ya ukumbini inayochezwa kwa magongo na mpira mwepesi wa plastiki, wachezaji watano na kipa kila upande. Naomba tulijadili hili maana kila tukifika mazoezini linagawa timu nzima. Kuna wanaosema kila mmoja ashike mtu wake, akienda kona unaenda naye, akirudi unarudi naye. Wengine, na mimi nimo, tunataka kukaba eneo kwa 2-1-2, yaani mabeki wawili mbele ya goli, senta katikati, mafowadi wawili juu wanawachunga mabeki wa wapinzani.

Mimi nacheza beki na sababu yangu kubwa ni sheria zenyewe. Kwenye hoki ya barafu beki akichelewa bado anaweza kunyanyua gongo la mpinzani na pasi ikapita bure. Kwenye floboli ukinyanyua gongo la mtu ni faulo, ukiligonga faulo, ukipitisha gongo lako katikati ya miguu yake faulo pia. Sasa fowadi ameshapokea mpira hatua chache tu mbele ya goli na wewe uko mgongoni kwake, utafanya nini? Kipa wetu naye hana gongo, yuko magotini, pasi inayopita mbali na mikono na miguu yake haikati. Kwa hiyo kazi ya beki inabidi iwe imeisha kabla mpira haujafika, umesimama panapotakiwa, gongo liko chini, bapa (ile sehemu ya chini ya gongo inayopiga mpira) limeziba njia ya pasi.

Ukimfuata mtu hapo panabaki wazi. Uwanja ni mita 40 kwa 20 umezungushiwa ubao wa sentimita 50, mpira ukigonga ubao unarudi uwanjani mchezo unaendelea, na hakuna ofsaidi, kwa hiyo mshambuliaji anaruhusiwa kukaa nyuma ya goli lako anavyotaka na anakuvuta tu, unamfuata, unageuka unaona mwenzake kashaingia pale ulipotoka na bao limeshaingia. Tumefungwa hivyo mara nyingi mno na kila mara lawama anabebeshwa kipa, inaniuma kweli.

*

Mkuu mleta mada umeongea vizuri lakini umesahau upande mmoja. Eneo linafanya watu wasimame, kila mtu anaangalia mpira, wapinzani wanapigiana pasi nje kule bila presha mpaka beki wao anapata sekunde mbili za kutulia na kupiga shuti, na mbele ya kipa mmejazana nyie wenyewe mnamziba asione. Halafu wakianza kuzunguka wakabadilishana nafasi mnaanza kuulizana huyu wa nani, wa kwako au wa kwangu? Kwenye mtu kwa mtu hakuna cha kuuliza, ukifungwa anajulikana aliyemwachia mtu. Pumzi nayo isiwe kisingizio, sabu kwenye floboli hazina idadi, mnaingia na kutoka hata mchezo ukiwa unaendelea, mkichoka tokeni waingie wengine wakabe.

*

Nimekuelewa mkuu na hilo la kumziba kipa ni kweli kabisa, ila hapo tatizo ni beki kusimama kwenye mstari wa shuti bila kuamua. Ama ulibloku kwa mwili ama utoke kipa aone, kukaa nusu nusu ndiyo kunaua. Na kukaba eneo hakumaanishi kumwacha mwenye mpira apumue, aliye karibu naye anamtokea, wanne waliobaki wanasogea kwa pamoja kuelekea upande wa mpira, na yule wa upande wa mbali anaweza kuachwa kidogo kwa sababu pasi ya kumfikia ni ndefu na kuna magongo matatu njiani.

Nakubali kuna wakati lazima ushike mtu. Frii hiti (pigo huru baada ya faulo) karibu na goli ni mojawapo, kila mtu ajue anasimama na nani maana ukishakaa zile mita 3 kutoka kwenye mpira shuti linakuja papo hapo. Na yeyote anayesimama mdomoni mwa goli anashikwa siku zote, hilo halina mjadala kwangu. Lakini wapinzani wakimtoa kipa dakika za mwisho wakaja sita ndani na nyie watano, huo mtu kwa mtu mtaugawaje? Mmoja atabaki peke yake tu. Hata mkiwa pungufu kwa adhabu ya dakika 2 mnasimama wanne kwenye boksi, yaani wawili nyuma wawili mbele, mnakaba eneo mtake msitake.

Mimi kinachonisumbua ni kimoja, mpinzani akiwa na mpira nyuma ya goli nani amtokee? Mimi nasema senta ashuke mabeki wabaki mbele ya nguzo zao, lakini kocha wetu anataka beki wa upande ule aende na senta aje kuziba nafasi yake. Mnaocheza senta semeni, mnafika kwa wakati kweli?